Hakuna Mtu Anajua Asilimia Yako

Wasee wa kidato cha nne, na nyinyi mliomaliza mkiwa bado mnatafuta chuo cha Marekani, leo tuongee ukweli.

Kila mwaka ikikaribia Novemba swali ni lile lile: "Niko na A, SAT 1480, nilikuwa kiongozi wa shule. Nikituma maombi mapema, nafasi yangu ni asilimia ngapi?" Na kuna watu wanalipwa kujibu. Jamaa anaangalia cheti chako, anakuna kidevu, anasema "sabini." Pesa ya mzazi imeenda hivyo.

Mimi nasema huyo anauza upepo.

Ushahidi wake ni upi? Anakuonyesha kwamba vyuo vikali hukubali sehemu kubwa zaidi ya walioomba Novemba kuliko walioomba Januari. Ni kweli. Lakini uliza, hao wa Novemba ni akina nani? Kati yao wamo wanamichezo ambao kocha ameshawachagua, na watoto wa watu waliosomea hapo hapo. Kesi ya Harvard iliposikizwa mwaka wa 2018, hesabu zilianikwa mahakamani: wanamichezo walioteuliwa waliingia kwa asilimia kama 86, watoto wa wahitimu karibu theluthi moja, na wale wasio watoto wa wahitimu kama 6 tu. Sasa wewe wa Bungoma, ambaye hakuna kocha anakujua, unapewaje asilimia ya hao?

Halafu kuna pesa, na hapa ndipo madalali hunyamaza. Chuo cha aina hiyo kinagharimu zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 10. Vyuo vichache sana, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havikuhesabii umaskini wako wakati wa kuamua, hata ukiwa mgeni. Vingi vilivyobaki huangalia. Ukisema unahitaji ufadhili wote, hiyo inaingia kwenye mizani pamoja na alama zako. Mtu anayekupa asilimia bila kukuuliza mzazi anaweza kulipa ngapi hajafanya hesabu yoyote.

Tena si maombi yote ya mapema ni sawa. Harvard, Yale na Princeton hawakufungi: ukikubaliwa Desemba bado unaweza kungoja majibu ya wengine. Lakini vyuo vingi vina mpango wa kufunga. Wewe unatia sahihi, mzazi anatia, na mwalimu wa ushauri anatia, kwamba ukikubaliwa utaenda na utaondoa maombi mengine yote. Ufadhili usipotosha unaweza kuomba kuachiliwa, sawa, lakini kulinganisha bei za vyuo kumeshakuponyoka. Mtoto wa tajiri halinganishi bei, ndiyo maana mpango huo unamfaa.

Na Novemba mosi wewe wa kidato cha nne uko katikati ya KCSE. Insha iliyoandikwa usiku kati ya Kemia na Hisabati haiwezi kushindana na ile iliyoandikwa kwa miezi.

Najua mtasema, "Bana, acha watu wawe na matumaini." Matumaini ni bure. Kile kinachouzwa ni namba ya uongo, na mzazi anauza ng'ombe kuinunua.

Sipingi kuomba mapema. Omba, ikiwa una majibu ya maswali matatu: Je, chuo hiki kinahesabu uwezo wangu wa kulipa? Kikinikubali, kitajaza pengo lote la karo? Na sahihi hii inanifunga? Majibu yako kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na kuyasoma hakuna ada.

Dalali akishakwambia sabini, mwambie aandike kwamba ukikosa atarudisha pesa. Uone kama hiyo sabini itabaki sabini.