Umeme upo, namba za LUKU haziji: nani ameshika ufunguo wa kompyuta iliyo mbali?

Mei 2021 wateja wengi wa TANESCO walihangaika kwa siku kadhaa kupata umeme huku pesa wanazo mkononi. Tatizo halikuwa mitambo ya gesi ya Kinyerezi, wala nguzo zilizoanguka. Hitilafu ilikuwa kwenye mfumo wa kompyuta unaotoa namba za LUKU. Unalipa kwa simu, unasubiri ujumbe, namba haziji. Foleni zikawa ndefu kwenye ofisi za shirika, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dk. Medard Kalemani, akaagiza wakuu wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi.

Tunalirudia tukio hilo kwa sababu leo halihusu umeme peke yake. Hesabu za AMCOS, akaunti za SACCOS na kumbukumbu za wagonjwa zinahama kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta, na mara nyingi kompyuta hiyo haipo kijijini.

Fundi haji tena kwa basi

Zamani kompyuta ya ofisi ikiharibika wilayani, fundi alipanda basi kutoka Dar es Salaam. Siku hizi anaweza kukaa nyumbani kwake Kinyerezi, akafungua kwa intaneti kompyuta iliyoko Tunduru, akaona kioo chake, akarekebisha na kufunga. Zipo programu za kazi hiyo, kama TeamViewer na AnyDesk. Nauli imeokolewa, na kazi iliyokuwa inasubiri wiki inakwisha kwa saa moja.

Jambo la pili ni kugawa kompyuta kubwa moja, yaani seva, ili ifanye kazi kama kompyuta nyingi. Fikiria nyumba ya kupanga. Paa ni moja, vyumba sita, kila mpangaji ana kufuli lake na hajui mwenzake amepika nini. Seva nayo hugawanywa hivyo hivyo: chumba kimoja cha benki, kingine cha hospitali, kingine cha duka. Hapa nchini kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, Kijitonyama wilayani Kinondoni, kinachosimamiwa na TTCL, ambako taasisi zinaweza kupata nafasi badala ya kila moja kununua mitambo yake.

Faida ni kubwa. Lakini waliopanga nyumba yenye mita moja ya LUKU wanajua upande wa pili: uniti zikiisha, vyumba vyote sita vinaingia giza kwa pamoja.

Kwa nini tuliingiza namba mara tatu?

Wengi mnakumbuka mwaka 2024, TANESCO ilipotuma makundi matatu ya namba, kila moja tarakimu 20, na kututaka tuyaingize kwa mpangilio kabla ya Novemba 24. Mita za aina hiyo, duniani kote, hutambua namba kwa kuhesabu dakika tangu Januari 1, 1993. Nafasi ya kuhesabia ni dakika milioni 16 na ushei, na siku hiyo ilikuwa inajaa.

Mita za kawaida za LUKU hazina mtandao. Kompyuta ya makao makuu haikuweza kuzifikia ili izirekebishe yenyewe. Ikabidi kila mteja awe fundi kwa vidole vyake.

Ni usumbufu, kweli. Lakini mita hiyo hiyo isiyofikika ndiyo iliyowaokoa baadhi yetu mwaka 2021: aliyekuwa na uniti ndani aliendelea kuwasha taa, kwa kuwa mita haikuhitaji kuuliza makao makuu kitu chochote.

Kosa moja, mashine milioni nane

Julai 19, 2024 dunia iliona hatari ya kinyume chake. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike, ya Marekani, ilituma kwa mbali marekebisho yenye kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikazima na kukataa kuwaka. Ndege ziliahirishwa, na hospitali na benki katika nchi mbalimbali zikakwama. Nyingi hazikuweza kuponywa kwa mbali, kwa sababu kompyuta isiyowaka haisikii amri. Mafundi walilazimika kuzifuata moja moja pale zilipo.

Kwa hiyo kusimamia kompyuta kwa mbali si kubaya. Kubaya ni kubaki na njia moja tu.

Kabla hamjasaini

Kikundi chenu kikiletewa mfumo wa kompyuta, ulizeni mambo matatu kwenye mkutano, na majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Kwanza, taarifa zetu zinakaa wapi, na nakala ya pili iko wapi?

Pili, nani ana neno la siri? Akiwa ni fundi mmoja tu, siku akigombana na mwenyekiti au akibadilisha namba ya simu, chama kizima kimefungiwa nje.

Tatu, mtandao ukikatika siku ya kupima korosho, tunaandika wapi? Daftari lisitupwe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa zako azilinde. Ukiona zimetumiwa vibaya, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Na kwako mwenye simu: mtu usiyemjua akikupigia na kukutaka upakue programu ili "akurekebishie" simu au akaunti ya pesa, kata simu. Programu inayomsaidia fundi kuona kioo chako kutoka mbali humsaidia na mwizi vilevile. Mlango ni ule ule. Tofauti ni nani umempa ufunguo.