Bunduki moja ao kobayi sita?



Tukikutana na koperative za upande wa Kibumba na Rugari, swali moja halikosi: "Agronomu, niko na feza kidogo tu. Bunduki gani moja itafanya kazi yote, kuleta nyama nyumbani na kufukuza nyani ku shamba?" Wenye kujua wanajibu: kalibre 12. Ni kweli, ukibadilisha risasi tu, bunduki ile ile inapiga ndege na hata nguruwe wa pori.

Jibu langu mimi ni lingine: usinunue.

Kwanza, utawinda wapi? Pori lililobaki pembeni yetu ni Parke ya Virunga, tangu mwaka 1925, na kuwinda mule kumekatazwa. Hata inje ya parke, sheria ya 1982 inaomba ruhusa ya kuwinda. Pili, risasi zinaisha, na kila mara utatoa feza tena. Tatu, sisi wote tunajua: huku kwetu, mwenye kukutwa na bunduki haulizwi kama ni ya nyani. Ataitwa mupiganaji, na shida itaingia kwa jamaa yote.

Kama ni nyama unatafuta, nunua kobayi (wengine wanasema dende): dume moja na majike tano. Mimba inachukua karibu miezi miwili, na jike anazaa mara mingi watoto wawili hadi wanne. Wanakula nyasi mbichi na majani ya viazi vitamu. Baridi na unyevu vinawaua, basi kibanda kiwe kikavu, tena kiinuliwe juu ya udongo. Badilisha dume na jirani, asipande watoto wake. Na siku ya kukimbia vita, kobayi wote wanaingia mu kitunga kimoja.

Lakini tusidanganyane: kobayi hafukuzi nyani. Kwa shamba, koperative ipange zamu ya watu wazima, si watoto wenye kupaswa kuwa masomoni. Ku mupaka wa parke, panda pilipili ao pareto, mahindi yakae karibu na nyumba. Tembo akiingia, usimukaribie, ita walinzi wa parke. Kazi hiyo inachosha, na siku zingine nyani watakula tu. Lakini zamu haileti askari mlangoni usiku.

Basi, mbele ya kuuza mbuzi yako ili ununue bunduki, leta swali hilo ku mukutano wa koperative. Shamba lako linapakana na la mwenzako, na nyani ni wale wale.