Kabla ya kusema mtoto hana kipaji

Konsetina, ndugu mdogo wa kodiani, zipo za bei nafuu kwa wanaoanza. Rochelle, aina ya Anglo yenye vitufe 30, ni mojawapo. Ikiwa mpya, mivukuto yake huwa migumu. Tena kitufe kilekile hutoa sauti moja mivukuto ikivutwa, nyingine ikisukumwa. Mtoto atababaika, usimvunje moyo.

Mzazi, kagua chombo kwanza. Kiinue kwa upande mmoja bila kubonyeza kitufe, upande wa pili ukiukingia mkono. Ukishuka haraka, hewa inavuja, na mtoto atachoka bure. Mikanda isimbane mikono. Dakika 15 kwa siku zinamtosha. Viganja vikiuma, apumzike.