NANI ASHIKE USUKANI?

Wako watu, tena wasomi, wanaotuambia kwamba zama za mkono wa mtu zimekwisha. Mashini, wasema, zitafikiri na kuamua, nasi tukae pembeni tupige makofi. Twawauliza: habari za Tunguu mmezisahau?

Mwaka 1960, Unguja ikiwa bado chini ya himaya ya Mwingereza, Uingereza na Marekani walipatana kuweka huko Tunguu mitambo ya kusikiliza vyombo vya angani vilivyoitwa Mercury. Wananchi walihofu kwamba hiyo ni hila ya vita, wakaandamana. Hatuwalaumu, aliyetawaliwa hujifunza kushuku.

Sasa sikilizeni yaliyopita angani. Tarehe 29 Novemba 1961 Wamarekani walimrusha sokwe, jina lake Enos, auzunguke ulimwengu mara tatu. Njiani tundu moja la kutoa mvuke, katika yale yanayokiweka chombo sawasawa, likaharibika. Chombo kikawa kinapinda, kinajirudisha, kinapinda tena, huku kikimaliza akiba yake. Sokwe maskini angefanya nini? Alirudishwa baada ya mizunguko miwili. Tarehe 20 Februari 1962 akapanda mtu, John Glenn. Mzunguko wa kwanza ulipokaribia kwisha, matata yakawa yale yale: chombo chaenda upande. Glenn akauacha mtambo wa kujiendesha, akashika usukani kwa mkono wake, akatimiza mizunguko yote mitatu. Chombo cha namna moja, ugonjwa wa namna moja. Tofauti ni nani aliyekaa ndani.

Kwa hiyo mtu hajapitwa na wakati hata kidogo. Lakini mtu gani? Mitambo ya Tunguu iliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, wala hatuililii. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha chombo cha Wamarekani cha kuchunguza nyota, kikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Jina letu, bahari yetu, usukani wa wengine!

Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipeleka angani chombo chake, Taifa-1, kilichobuniwa na wahandisi wake wenyewe, ingawa kiliundwa kwa msaada wa kampuni ya Bulgaria na kurushwa kutoka California kwa roketi ya Marekani. Twaisifu hatua hiyo, bila ya kuikuza kuliko ilivyo.

Twataka kila mkataba wa mtambo, uwe wa bandarini, wa reli au wa angani, utaje idadi ya vijana wetu watakaofundishwa kuufungua, kuutengeneza na kuuzima unapokosea. Kuufuta vumbi si kazi ya ufundi. Wanachama, waulizeni wabunge wenu kwenye mkutano ujao: mikataba iliyokwisha tiwa saini yasema nini juu ya hayo? Wakijibu kwamba hawajaisoma, waambieni wakaisome, nanyi mtawangoja hapo hapo.