Mgonjwa Akisharuhusiwa

Ripoti nyingi za idara za mifupa husimulia yanayofanyika ndani ya geti la hospitali: wangapi wamelazwa, wangapi wamepasuliwa. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja huingia kwenye hesabu siku anayowekewa chuma, na akisharuhusiwa habari zake zinaishia hapo. Kama mfupa umeunga, kama kidonda kinatoa usaha, kama amerudi barabarani au ameuza pikipiki ili wanawe wale, takwimu hazisemi. Makala haya yanashikilia kwamba ubora wa tiba ya mifupa, viungo na misuli upimwe huko nyumbani, miezi baada ya mgonjwa kutoka wodini.

Hoja yenyewe ina zaidi ya miaka mia. Mjini Boston, daktari wa upasuaji Ernest Codman alitaka kila mgonjwa awe na kadi yake na afuatiliwe kwa mwaka au zaidi, hadi matokeo ya mwisho yajulikane. Kati ya 1911 na 1916 hospitali yake ndogo iliruhusu wagonjwa 337, naye akachapisha makosa 123 yaliyotokea katika kuwatibu. Wenzake wengi walimtenga. Naamini hofu iliyowafanya wamtenge ingalipo hata leo: anayeandika kosa huogopa lisije likageuzwa kesi.

Uingereza imeonyesha dawa ya hofu hiyo: kulipia tiba njema badala ya kuadhibu kosa. Tangu 2007 wazee wanaovunjika nyonga huandikishwa katika daftari la kitaifa, na tangu 2010 hospitali huongezewa malipo kwa mzee aliyepasuliwa ndani ya saa 36 na kuonwa na daktari wa wazee, pamoja na masharti mengine. Vifo ndani ya siku 30 vilishuka kutoka asilimia 10.9 mwaka 2007 hadi asilimia 8.5 mwaka 2011. Daftari halimponyi mtu. Kazi yake ilikuwa kufanya kila hospitali ione wazee wake wanasubiri kwa muda gani, na kuipa sababu ya kuwahi.

Kwetu kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji mashine. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa 1999 na daktari Lewis Zirkle, hutoa vyuma vya kupenyeza ndani ya mfupa ambavyo mpasuaji anaweza kuviweka bila eksirei ya chumba cha upasuaji. Vinatumika katika hospitali kadhaa za Afrika Mashariki, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwa mojawapo. Daktari hulitumia shirika hilo picha za kila mgonjwa, naye huletewa vyuma vingine badala ya vilivyotumika. Mgonjwa akija kliniki baada ya miezi kadhaa, huombwa achuchumae huku akitabasamu, kisha hupigwa picha. Akifika chini ameonyesha mambo matatu kwa mpigo: goti linakunja, mfupa unabeba uzito, na maumivu hayamsumbui sana. Tena kuchuchumaa ndiyo maisha yenyewe. Choo cha shimo, jiko la mafiga, beseni la kufulia, palizi ya mahindi, vyote vinadai goti linalokunja. Fomu ndefu iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaokaa kwenye viti na kupanda ngazi haiwezi kumuuliza mama wa kijijini swali linalomhusu kama hilo.

Lakini picha hiyo hupigwa kwa aliyerudi tu. Aliyekosa nauli hayumo, aliyekata tamaa akaenda kwa fundi wa kienyeji hayumo, na huenda hao ndio walioumia zaidi. Idara inayohesabu waliorudi peke yao itajiona bora kuliko ilivyo. Kwa hiyo namba ya simu ya mgonjwa na za ndugu zake wawili ziandikwe kabla hajatoka wodini. Awepo mtumishi ambaye kupiga simu hizo ni sehemu ya kazi yake, na vocha iwemo katika bajeti kama ilivyo bandeji. Maswali matatu yatatosha: Unachuchumaa? Kidonda kimekauka? Umerudi kwenye shughuli zako? Majibu yasomwe katika kikao cha idara bila kutafuta wa kumfukuza. Asiyepatikana aandikwe kwamba hali yake haijulikani, asiingizwe kwenye hesabu ya waliopona.