Kibali cha ngoma kiulize usalama, si maneno

Anayetaka kupiga ngoma Chokocho, Kusini Pemba, anapaswa kujua mambo matatu: kibali anakiomba kwa nani, analipa kiasi gani, na atajibiwa lini. Yaandikwe kwenye karatasi moja, ibandikwe mlangoni kwa sheha. Kibali kisichojulikana njia yake hugeuka kuwa hisani ya mtu.

Hatusemi kifutwe. Oktoba 1, 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa Tabora katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Pale alitakiwa mkaguzi mlangoni kabla tiketi hazijamalizika kuuzwa. Makatazo ya disko toto yalikuja baada ya mazishi.

Kusini Pemba burudani nyingi hazina ukumbi, lakini hatari ipo. Tazama mchezo wa ng'ombe: dume kafungwa kamba, vijana wanamchokoza, kinamama wanaimba, na watoto wanasogea kila wakifukuzwa. Mtoa kibali aulize kamba ni nzima au imechakaa, watazamaji watakaa umbali gani, na gari la kumfikisha majeruhi Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, liko wapi. Na kwa kuwa Chokocho ndiko watu wanakovukia kwenda Kisiwa Panza, aulize pia waliokuja kutazama watarudi saa ngapi, na maji yatakuwaje saa hiyo. Ngoma inayokesha huku vyombo vimejaa watu wenye usingizi ni jambo la serikali, hakuna ubishi.

Maneno ya mchezo ni habari nyingine. Zanzibar ina Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, lenye sheria yake ya 2015. Sheha na maofisa wa Baraza la Mji hawana haja ya kuwa sensa ya pili. Na wakitaka kuwa, wataanzia wapi? Ngoma yetu ya kibati ni majibizano ya papo kwa papo. Mchezaji mwenyewe hajui mwenzake atamrushia nini. Hayo maandishi ya kukaguliwa mapema atayatoa wapi?

Kenya inatosha kutuonya. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu walicheza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Novemba, wiki chache tu baada ya kuanza, mkuu wa wilaya ya Kiambu alifuta leseni, na mwaka haukuisha kabla Ngũgĩ wa Thiong'o hajawekwa kizuizini. Kilichowaudhi wakubwa ni yaliyosemwa jukwaani kuhusu ardhi na matajiri. Uingereza yenyewe, iliyotuachia mazoea haya, iliacha kukagua maneno ya tamthilia mwaka 1968. Halmashauri zake zikabaki na leseni ya majengo na usalama wa watu.

Basi Baraza la Mji Mkoani lijibu maombi ndani ya siku saba. Likikataa, litoe sababu kwa maandishi, na sababu hiyo ihusu kamba, umati, saa au chombo, ili mwombaji aweze kurekebisha na kurudi. Skuli na madrasa zinazoigiza bila kiingilio zisitozwe hata shilingi.