Kitufe cha "Wasilisha" kimekwenda wapi?

Haya jamani, leo nina ugomvi na watengeneza programu. Siyo wote. Nagombana na wale wanaokaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi Dar es Salaam, mbele ya skrini pana kama mlango, halafu wanachukua kila kisanduku na kila kitufe na kukipigilia msumari: wewe kaa pikseli 400 kutoka kushoto, wewe 620 kutoka juu, upana wako 80, basi. Kwenye skrini yao kazi inapendeza. Inapigwa picha, inazinduliwa, waheshimiwa wanapiga makofi.

Kisha fomu hiyo inafika Kilosa.

Inafika kwenye simu ndogo ya mtumba yenye ufa kwenye kona, na mwenye simu amekuza maandishi kwa sababu macho yake yamechoka. Inafika kwenye duka la steshenari lenye kompyuta ya zamani ambayo skrini yake ni kama ya televisheni ya babu. Na kitufe cha "Wasilisha" hakionekani. Kimebaki huko nje ya kioo, mahali ambapo kingekuwepo kama ungekuwa na skrini ya yule bwana wa Dar. Fomu moja niliyoijaribu kwenye simu ya aina hiyo nikiwa Mikumi (sitasema ni ya nani) ilikata "Tarehe ya kuzaliwa" ikabaki "Tarehe ya kuz", na kisanduku cha namba ya simu kilikuwa kimempanda jirani yake mgongoni.

Mnacheka? Sikieni kinachofuata. Mtu akishindwa, anampa kijana wa steshenari simu yake, au anamtajia kila kitu: namba ya kitambulisho, namba ya simu, neno la siri. Anamlipa na hela juu. Kwa hiyo msichana anayeomba nafasi ya chuo na mkulima anayejiandikisha apate mbolea ya ruzuku wanaacha siri zao mikononi mwa mtu baki, kwa sababu tu ya kitufe kilichowekwa mahali pabaya. Tukisikia ametapeliwa tunasema watu wa vijijini hawajui teknolojia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ni ya zamani na ni ya bure. Lugha ya Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuja nayo. Waliokuwa wanaitengeneza walitaka programu moja ikimbie kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye Unix, na kila moja ilikuwa na herufi za ukubwa wake na vitufe vya umbo lake. Haikuwezekana kukisia pikseli. Wakaweka kitu tunachoweza kukiita kisimamizi cha mpangilio. Wewe mtengenezaji husemi kitufe kikae pikseli ya ngapi. Unasema kiko safu mlalo ya tatu, safu wima ya pili, na kinaruhusiwa kutanuka au hakiruhusiwi. Mengine msimamizi atajua mwenyewe.

Na anajuaje? Anauliza. Kabla ya kugawa nafasi anapita kwa kila kisanduku, kila kitufe, kila neno: wewe unahitaji nafasi kiasi gani ili ukae vizuri? Akishapata majibu ndipo anapochora mistari. Skrini ikibadilika, anapanga tena. Mtu akikuza herufi, anauliza tena.

Hebu tulete jambo hili nyumbani. Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa habari ya mistari. Nenda Kimamba kwenye mkonge uone: mistari imenyooka mpaka inakutana na upeo wa macho, lakini kati ya jozi moja ya mistari na nyingine imeachwa njia pana, kwa sababu aliyepima alijua mkonge unatanuka na mkataji lazima apite. Huo ni mpangilio uliouliza kwanza. Sasa kumbukeni na mpangilio wa aina nyingine, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976. Sehemu nyingi nyumba zilipangwa kando ya barabara kwa mstari wa rula, na mtu akajikuta mbali na shamba lake na mbali na maji. Kwenye karatasi ya ofisini ilipendeza sana. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya ofisa yule mwenye rula na kijana wa leo mwenye pikseli 620.

Halafu kuna suala la lugha yetu, ambalo wengi hawaligusi. Fomu hizi mara nyingi huanza kuandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili kinapachikwa mwishoni kama kiraka. "OK" ina herufi mbili, "Sawa" ina nne. "Next" nne, "Endelea" saba. "Date of birth" ukihesabu na nafasi ni 13, "Tarehe ya kuzaliwa" ni 18. Ukishapigilia msumari upana wa kitufe kwa kipimo cha Kiingereza, Kiswahili lazima kikatwe. Kisha anatokea mjuaji mmoja anasema Kiswahili hakifai kwa kompyuta, maneno yake marefu! Wakati mwaka 2004 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walishaitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Maneno yalikuwepo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaachia nafasi.

Najua nitajibiwa: "Anunue simu nzuri." Kwa hela ya nani? Na huyo anayejibu hivyo ajaribu kukuza maandishi kwenye simu yake ya bei mbaya aone fomu yake itakavyovurugika.

Sisemi kisimamizi cha mpangilio ni uchawi. Kile cha Java kinachoitwa GridLayout kinafanya vyumba vyote kuwa sawasawa, kwa hiyo neno moja refu linavinenepesha vyote, hata chumba cha kuandikia umri kinakuwa kama uwanja wa mpira. Kinafaa kwa vitufe vya kikokotoo, fomu hakiiwezi. Ndugu yake GridBagLayout ndiye fundi hasa, lakini ana kiburi: usipomwambia nani apewe nafasi inayobaki, anadhani hakuna, anavikusanya vyote katikati ya dirisha kama abiria wanaogombea kivuli. Wengi wamekata tamaa hapo wakarudi kwenye misumari. Lakini hata kisingizio hicho kimekufa. Tangu Machi 2017 Chrome, Firefox na Safari zote zinaelewa gridi ya CSS. Unaandika auto 1fr, yaani safu wima ya kwanza ienee neno refu kuliko yote, ya pili ichukue kinachobaki. Mstari mmoja! Unaongeza mwingine kusema skrini ikiwa nyembamba, visanduku vishuke chini ya maneno yake.

Watu wa Mikumi wanaelewa gridi vizuri kuliko tunavyodhani. Ramani ya viti vya basi la Mbeya ni gridi: wawili, njia, wawili. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya Dodoma inapita Kilosa na tiketi inakatwa kwa simu. Hakuna anayemuuliza mtoto wake safu na mstari ni nini.

Kwa hiyo mimi naomba jambo moja kwa wanaolipia mifumo hii kwa kodi zetu, na kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo kazi yake mojawapo ni viwango. Kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho, achukue simu ndogo kuliko zote zinazouzwa mnadani Kilosa, aweke Kiswahili, akuze maandishi mpaka mwisho, aijaze fomu yake mwenyewe kutoka juu mpaka chini mbele ya anayemlipa. Akikiona kitufe cha "Wasilisha", asainiwe hundi yake. Asipokiona, arudi Dar akang'oe misumari.